Aliyekuwa Anaandika Kutoka Dilolo

Kazi ya modemu nilimfundisha mimi mwenyewe. Dada mdogo wa mchumba wangu alikuwa amemaliza shule na amekaa nyumbani bila kazi, na kwa kuwa tulikuwa karibu kuwa mawifi, nilimwomba mzee amruhusu aje ofisini kwetu, mtaa wa Manika, akae pembeni yangu. Mzee, mwenye malori, alikuwa rafiki wa baba yangu. Wazazi wao walitoka upande wa Kasongo, na wao wawili walisali msikiti mmoja hapa Kolwezi. Alikubali bila kuuliza mengi.

Malori yetu yalipeleka bidhaa mpaka Dilolo, mpakani na Angola, yakarudi na samaki wa chumvi na sabuni. Kule mtandao wa simu ulikuwa unakuja na kutoweka. Kwa hiyo mzee alikataa kuachana na foni yake, ile redio ya masafa marefu yenye waya uliotandazwa juu ya paa, na fundi mmoja akaiunganisha na modemu na kompyuta. Karatasi za forodha zilitakiwa kufika Dilolo kabla ya lori, la sivyo lori lililala mpakani na samaki wakaoza upande wa pili.

Programu yenyewe haikuwa na picha wala vitufe vya kubonyeza. Ni skrini nyeusi tu, na mstari mmoja unaokungoja uandike. Unaandika connect, modemu inapiga mluzi, ya Dilolo inajibu kwa mluzi wake. Unaandika send na jina la faili, kisha unaangalia asilimia zikipanda pole pole. Jua likiwa kali hewa ilichafuka na faili ikakatika katikati. Nilimwonyesha wifi yangu namna ya kuiambia iendelee pale ilipokatikia badala ya kuanza upya. Alishika haraka. Nilimwonyesha pia kwamba faili ikiisha, kabla ya kukata, watu wa pande mbili wanaweza kuandikiana. Herufi zinatokea moja moja kwenye skrini ya mwenzako, na hata anachokifuta unakiona kikifutika.

"Kumbe ni hivi munaongeaka na yaya!" alicheka. Yaya, yaani mkubwa wake, ndivyo alivyomwita kaka yake, na mimi pia aliniita hivyo.

Kaka yake, mchumba wangu, ndiye aliyekuwa Dilolo, amewekwa pale na mzee kwa neno la baba yangu. Tungeweza kuongea kwa mikrofoni ya foni, lakini kila kituo kilichofungua foni kingetusikia. Maandishi yalikuwa yetu peke yetu. Kila faili ilipokwisha aliniuliza nimeamkaje, nikamjibu, akaandika kwaheri. Alikuwa mtu wa maneno machache.

Baadaye aliomba msaidizi, na wifi yangu akapelekwa. Nilimsindikiza mpaka kwenye lori, nikampa kikwembe changu kipya ajifunike njiani.

Haukupita muda mrefu, mchumba wangu akaandika kwamba mikrofoni ya Dilolo imekufa, na simu yake imetumbukia mtoni. Tutaandikiana tu, alisema. Sikuona ubaya. Kama kuna kitu kilichobadilika, kilikuwa kizuri: alianza kuandika zaidi. Aliuliza habari za nyumba yetu ya mtaa wa Kasulo, ambako jirani alikuwa amechimba shimo la kobalti ndani ya sebule yake mpaka ukuta wetu ukapasuka. Baba alipoanguka kwa presha tukamlaza hospitali, aliniandikia mpaka mzee akanikumbusha kwamba jenereta inakunywa mafuta. Usilie mbele ya mama, aliandika. Lia kwanza nje, nawa uso, ndipo uingie. Nilifanya hivyo hivyo. Baba alipopata nafuu nilimwambia mama kwamba kwa kweli nimepata mume.

Kisha ikaja siku moja, mchana, nikiwa natuma karatasi za malori yaliyokuwa yamekwisha ondoka. Faili ikakatika. Niliongeza sauti ya foni nisikie kama hewa imechafuka. Badala ya mvumo nikasikia mwanamke anaita kituo chetu cha Kasaji, kilichoko njiani: "Kasaji, Kasaji, hapa Dilolo. Muambie chauffeur asiingie kwanza, karatasi hazijafika."

Ilikuwa sauti ya wifi yangu, safi kabisa. Nilichukua mikrofoni.

"Dilolo, hapa Kolwezi. Mikro yenu imepona?"

Akajibu: "Ndiyo, yaya. Imepona leo tu."

"Basi mupe kaka yako, niongee naye."

"Ametoka."

"Nitamungojea."

"Yaya, tafadhali, turudie ku modemu."

Hapo mtu wa Kasaji akaingia, mzee ambaye sijawahi kumwona, namjua kwa sauti tu. "Mama Kolwezi, musamaha. Mi nafunga foni yangu sasa. Lakini wewe mutoto wa Dilolo, umuambie ukweli. Sisi wote mu njia hii tunajua." Akazima.

Nilimwuliza wifi yangu ni ukweli gani. Alianza kulia, na foni inapeleka kilio kama inavyopeleka kila kitu, kikiwa kimekwaruzika. Akasema kaka yake yuko Luau, ng'ambo ya mpaka, tangu kabla ya mvua kuanza. Ameoa kule.

"Na nani alikuwa ananiandikia?"

"Ni mi."

"Na wakati baba alikuwa hospitali?"

"Ni mi, yaya. Yeye hakujua hata kama tata alikuwa mugonjwa." Akapumua. "Mama alisema ukijua, mzee atatufukuza, na nyumba yote inakula ku hii kazi. Ilikuwa ya siku chache tu. Kisha na mi nikawa nangojea saa ya faili."

Nyuma yangu mzee alichungulia mlangoni. "Karatasi zimefika? Malori yanangoja."

Niliweka mikrofoni chini. Nikaunganisha tena, nikaandika amri ya kuendelea pale ilipokatikia, na upande wa pili ukapokea, bila kosa, kama nilivyomfundisha. Asilimia zilipanda mpaka mwisho. Kisha herufi zikaanza kutokea kwenye skrini, y, a, y, a, zikafutwa, zikaanza tena. Nilikata.

Baba alipoambiwa, aliomba kofia yake na kwenda kwa wakubwa wa upande wa kijana, ingawa miguu ilikuwa bado inatetemeka. Alirudi na habari. Mama wa kijana alijua. Shangazi yangu, aliyeleta posa, alijua pia. Alisema alikuwa anangoja baba apone vizuri. Uchumba ulivunjwa kwa heshima, sebuleni kwetu, kando ya ule ukuta uliopasuka.

Mzee aliniuliza habari za yule msichana, "Nimufukuze?"

"Ni kazi yako, tata," nilimjibu. "Si yangu kusema."

Nilitaka aseme yeye. Alizunguka, akakohoa, akasema kule Dilolo hakuna mwingine anayeijua ile programu. Alimbakiza. Basi mimi ndiye niliyeondoka. Siku hizi nafanya kazi katika duka la kupiga chapa, jirani na soko la Manika.

Yule mwanamume alinitumia dereva aniombee msamaha. Nilimsikiliza dereva mpaka mwisho, nikashangaa jinsi maneno yale yalivyonipita. Hata sauti ya aliyemtuma sikuikumbuka vizuri. Jamaa na majirani bado wananipa pole. Mama huniambia mwanamume aliyekuacha ni mtu wa kusahauliwa. Ninamwitikia, kwa sababu nikimwambia kwamba ninayeshindwa kumsahau si huyo, ataniuliza ni nani.