Vumbi la Nyota Kwenye Ungo wa Leticia

Zamani, kabla mchele wa ng'ambo haujajaa Kariakoo, hakuna duka la nafaka Mtaa wa Sikukuu lililokosa mwanamke wa kupeta. Kwenye duka la mzee Ghanshyam alikuwa Leticia, Mama Beno, mtu wa Songea. Alikaa barazani, ungo mikononi, akiurusha mchele na kuudaka, pumba zikipeperukia barabarani.

Mwaka 1995 malori yakaanza kushusha magunia ya mchele mweupe, usio na pumba wala chuya. Wapetaji wa maduka jirani wakaondoka mmoja mmoja. Leticia alijua zamu yake inakuja. Kila Ghanshyam alipokohoa, alidhani anaitwa.

Asubuhi moja akamwita. Leticia akaingia na ungo wake, mchele ukiwa bado ndani. Mezani palikuwa na jarida lenye picha ya nyota changa, kila moja imezungukwa na sahani ya gesi na vumbi.

"Mama Beno, wanasema sahani hizi hutoweka baada ya miaka milioni kadhaa. Nadhani mwanga wa nyota huzipuliza zote."

"Mzee! Umeuza mchele miaka thelathini, hujawahi kutazama ungo?" Akarusha mara mbili. "Vumbi jepesi limechukuliwa na upepo. Hili zito limerudi katikati. Na hivi vidonge ni vumbi lililoshikana. Puliza mpaka jioni, havitoki."

Ghanshyam akarudi kwenye maandishi, kidole kikifuata mistari. "Ehe! Gesi inapulizwa, nyingine inaangukia nyota yenyewe. Vumbi linashikana, linakuwa mawe, mwisho sayari. Hata dunia yetu."

"Kumbe sote ni takataka za ungo!"

Wakacheka. Kisha Ghanshyam akavua miwani.

"Mama Beno, mwezi ujao sinunui tena mchele wa kupeta."

"Hata gunia moja la Kyela, ule mchele wa kunukia?" akauliza Leticia.

"Wateja hawauulizi."

"Kwako hawauulizi. Mama Zamzam wa ghorofani anauliza kwangu kila siku, anasema huo wa ng'ambo hauna harufu. Nipe baraza tu, mzee. Mchele nitatafuta mwenyewe."

"Baraza chukua," alisema Ghanshyam, bila kumtazama.

Kwa miaka mitatu watu waliyapita yale magunia ya ng'ambo, wakainama kununua kwa Leticia barazani. Baadaye nao wakapungua. Wa mwisho walikuwa wazee waliochota mchele kiganjani, wakanusa kwa muda mrefu, wakanunua robo kilo.