Milango Isiyong'aa

Tangu utoto wangu sikuipenda rangi ya kung'aa. Katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi nilikozaliwa, kila mlango wa ndani ulipakwa rangi ya mafuta, ya kijani au ya kahawia, inayong'aa hadi kuudhi. Jumamosi mama zetu waliosha milango kwa sabuni, wakaikausha kwa kitambaa, na jirani akipita alichungulia aone ya nani imeng'aa zaidi. Mwanamke ambaye milango yake ilififia alisengenywa bombani hadi Jumamosi nyingine. Mimi nilisoma, nikapata kazi ya ofisini katikati ya mji, nikaona milango ya wakubwa: imetulia, haipigi kelele. Nikaapa kwamba nyumbani kwangu kambi haitaingia.

Baba alipofariki nilimchukua mama akae nasi. Mwaka jana, kabla ya mvua kuanza, niliamua kupaka upya mbao zote za ndani: milango mitano, fremu zake, na kabati la koridoo. Aliyetuuzia nyumba alikuwa mtu wa kambi kama sisi, kwa hiyo kila kitu kiling'aa. Fundi alikuja asubuhi, mzee mpole, akasimama sebuleni mama alipokuwa akimenya karanga.

“Patron, tunaweka gani? Ya kungala ao mat?”

Mat ndiyo ile isiyong'aa. Kabla sijafungua mdomo, mama alijibu.

“Ya kungala, papa. Muweke ya kungala.”

Papa ni mimi. Ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, kwa kuwa nina jina la baba yake. Nilicheka. “Mama, huku haiko kambi.”

“Najua haiko kambi. Lakini ya kungala njo inafaa.”

“Inafaa sababu gani?”

Vidole vyake vilisimama kidogo kwenye karanga. “Ni mwepesi kuosha,” akasema.

“Hakuna muntu atakuomba uoshe milango, mama. Upumuzike tu.”

Nilijiona mtoto mwema kusema hivyo. Fundi naye alicheka kidogo, kwa adabu, nami nikachagua mat ya kijivu.

Mama aliomba tena. Siku ya pili, fundi akipiga msasa, alikuja kwenye koridoo, akaweka kiganja juu ya mlango uliokwanguliwa, akasema taratibu: “Basi ile ya ku chumba yangu, na ile ya ku douche. Mbili tu, papa.” Yaani mlango wa chumba chake na wa choo. Mama yangu hakuzoea kuomba kitu mara mbili. Nikamjibu kwamba nyumba yenye milango ya namna mbili ni kama mtu aliyevaa kiatu mguu mmoja na kandambili mguu wa pili. Nilipendezwa na maneno yangu mwenyewe. Leo nikimkumbuka yule mtu aliyesimama pale na tai yake shingoni, natamani kumzaba kofi.

Kazi ikaisha. Wageni walisifu, nami nilivimba kichwa. Baada ya wiki moja mama aliacha kutoka kwenda barazani. Kisha akaacha kula nasi mezani, akaomba apelekewe sahani chumbani. Mke wangu akasema, “Mama amekasirika juu ya milango.” Nikamwambia amwache, itapita. Wanawake wa kambi wanajua kununa, wanaweza kununa msimu mzima. Nasema kama ilivyokuwa: niliona mama anateseka, nikangoja achoke kuteseka.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu hakukawia kuzaliwa. Adhuhuri moja nilirudi kuchukua karatasi nilizosahau, nikamkuta mama peke yake kwenye koridoo. Alikuwa akipapasa ukuta kwa viganja vyote viwili, anapapasa, anasogea, anapapasa tena, na kitenge chake kilikuwa kimelowa. Mlango wa choo ulikuwa hatua mbili kutoka mkononi mwake.

“Ni nani?” akauliza.

Nilikuwa nimesimama mbele yake, mchana kweupe, na shati jeupe.

“Ni miye, mama.”

“Papa, mulango iko wapi?”

Nilimuosha, nikamvika kitenge kingine, nikamkalisha kitandani, na hapo ndipo aliponiambia. Macho yake yalikuwa yakififia kwa miaka miwili. Kilichobaki ni mwanga tu. Jua likiingia dirisha la koridoo lilipiga ile rangi ya zamani, naye akafuata mng'ao, mlango hadi mlango, hadi barazani. “Ile ya kungala nilikuwa naiona. Hii yako inalala tu.” Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba dada yake mkubwa, kule Kilwa yetu ya kando ya ziwa, alipopofuka watoto wake walimweka chumba cha nyuma na sahani na ndoo. “Niliogopa na weye utanifungia.”

Sikumfungia. Nilifanya vibaya zaidi: nilimpaka mlango usioonekana.

Daktari wa macho alisema kilichokwenda hakirudi, na kwamba tungekuja mapema angeweza kukilinda. Mwanga kidogo uliobaki, nao ungeweza kuondoka wakati wowote. Alitupa dawa ya matone. Nikamwita fundi siku hiyo hiyo. Tukachukua rangi nyeupe ya mafuta, inayong'aa kuliko zote, lakini mvua ilikuwa imekwisha kuanza na rangi ya mafuta haitaki unyevu. Wiki ya kwanza ilinata vidoleni. Wiki ya pili bado. Kila asubuhi mama aliuliza kutoka chumbani, “Imekauka?” nami nikajibu bado, nikaenda kazini. Nilimuomba Mungu siku moja tu ya jua.

Jua lilipatikana wiki ya nne. Saa nne asubuhi nilimshika mkono, nikamtoa hadi katikati ya koridoo. Dirishani mwanga ulimiminika, na upande wa kulia mlango uling'aa hadi nikafumba macho.

“Angalia, mama.”

Mama aligeuza uso upande wa kushoto, kwenye ukuta mtupu, akaukazia macho, akatabasamu.

“Inangala kabisa, papa,” akasema. “Aksanti.”