Funda la Pili

Usinicheke, rafiki yangu. Mimi mwanamke mzima, mwenye wajukuu, nilitoka mbio ukumbini pale Mbeya nikaacha kandambili moja mlangoni, kwa kuogopa bakuli la maji.

Binti yangu ndiye aliyenipeleka. Alisema kuna msanii kaja kutoka ng'ambo, mwanamke mweusi kama sisi, ambaye wazee wa wazee wake walivushwa bahari wakiwa watumwa. Kazi yake ni kuonyesha jinsi watu wake walivyouguzana huko walikopelekwa, maana hawakuwa na wa kuwahurumia ila wao kwa wao. Nikasema haya, twende nikaone. Akatandika mkeka, akamlaza kijana mmoja, akamfunika shuka jeupe, akampaka mafuta miguuni taratibu huku akiimba wimbo usio na maneno. Nilipenda, kweli nilipenda. Kisha akaanza kutuzungushia bakuli. Mkalimani wake akatuambia kila mtu ataje moyoni kinyongo alichonacho, apige funda moja la maji, alipulize chini, ili mgonjwa apone.

Hee! Hapo ndipo nilipotoka mbio. Jambo hilo nililiona mara moja tu maishani, nikiwa na miaka tisa, na siku ile niliamini nimemuua mdogo wangu.

Tulikaa Iringa, kijiji kisicho mbali na Tosamaganga, miaka ile ya sabini. Baba alikuwa mbali, kwenye mashamba ya chai Mufindi, na nyumba ilishikwa na bibi. Bibi alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu aliyeolewa Uheheni. Alikuja na migomba yake akaipanda nyuma ya nyumba, na kila mwaka mwezi wa sita baridi iliiunguza majani yote, na kila mwaka akapanda tena. Watu walimcheka. Yeye alijibu kwamba mgomba una aibu, ukiona hukati tamaa utazaa wenyewe. Haukuzaa hata siku moja! Asubuhi alituamsha na harufu ya viazi alivyofukia kwenye majivu ya moto, tukavila na chai ya rangi huku tumejifunika blanketi moja, tukigombania upande wa karibu na moto.

Kazi yangu mimi ilikuwa kumbeba mdogo wangu. Alikuwa wa mwaka mmoja na ushee, mzito kama gunia la viazi, na kulia alikujua. Nilikwenda naye kisimani, nilikwenda naye kuokota kuni, nilicheza rede, ule mchezo wa kukwepa mpira, naye mgongoni. Siku moja mwalimu akanichagua kucheza ngoma safu ya mbele, kwa kuwa mgeni rasmi alikuwa anakuja shuleni. Safu ya mbele, unaelewa? Nilifanya mazoezi hata nikiwa nachambua maharage. Lakini siku yenyewe mama alikwenda shamba, nikaja shuleni na mtoto, naye akalia mpaka sauti ikamkauka. Mwalimu akasema, "Wewe mwenye mtoto, kaa pembeni." Mwenzangu akaingia nafasi yangu, tena na njuga zangu miguuni.

Wakati wa kurudi nilimtua mtoto kando ya kijito. Nilikuwa na hasira mpaka meno yanagongana. Nikamwinamia sikioni nikamwambia, "Ufe tu, nipumzike." Yeye akacheka, akanishika pua. Nikamfunga mbeleko tukaenda nyumbani.

Siku ya tatu akashikwa na homa. Kifua kikawa kinakoroma, ziwa hataki, macho kayafumba nusu. Mama akampeleka hospitali, akachomwa sindano, akarudi naye na maagizo ya kumpeleka tena kesho yake. Bibi akasema, "Sindano ifanye yake, na sisi tufanye yetu." Akaeleza desturi ya kwao: mtoto akiugua, huenda kuna mtu wa nyumba hiyo kaweka hasira moyoni, na hasira iliyowekwa humla aliye mdogo kuliko wote. Basi watu hukaa, kila mmoja akasema lake, akapuliza maji. Akatuonya kitu kimoja tu. "Anayemeza, amemmeza mgonjwa."

Maneno hayo yaliniingia mpaka kwenye mifupa.

Tulikaa asubuhi kabla ya chai, mtoto katikati juu ya ngozi ya mbuzi: bibi, mama, baba mdogo, jirani yetu na mimi. Maji yalikuwa kwenye kibuyu kilichokatwa. Baba mdogo akaanza, akasema ana kinyongo na baba kwa sababu ya ng'ombe aliyetolewa mahari bila yeye kuulizwa. Akapuliza, mpuu! Jirani akasema kuku wake wanapigwa mawe na watoto wa nyumba hii, akapuliza. Mama akasema, "Mama, uliwaambia watu kisimani kwamba ugali wangu ni mbichi." Siku nyingine ningecheka mpaka nianguke. Bibi akainamisha kichwa, akasema, "Ni kweli, mwanangu, nilisema." Mama akapuliza huku machozi yanamtoka.

Nilijua watoto hatuhesabiwi. Lakini bibi akanisogezea kibuyu mimi. "Na huyu naye ana moyo."

Rafiki yangu, niliogopa vibaya. Mwaka uleule kulikuwa na mama mmoja, kijiji cha ng'ambo ya bonde, aliyefukuzwa na mikeka yake kwa kuitwa mchawi. Nilimwona akipita barabarani na sufuria kichwani, na mtu hata mmoja hakumsalimia. Kama yeye alifukuzwa kwa kudhaniwa tu, mimi niliyesema kwa mdomo wangu je? Ningekwenda wapi? Nikasema, "Mimi sina neno." Nikapiga funda. Nikataka kupuliza, koo likanisaliti, maji yakashuka yote.

Nikafuta mdomo na kujifanya nimepuliza. Nikainua macho, nikamkuta bibi ananitazama. Alichukua kibuyu, akasema lake kuhusu ule ugali, akapuliza. Halafu akapiga funda la pili, akapuliza tena. Nikadhani uzee umemsahaulisha.

Mchana ule mtoto alizidiwa, mama akakimbia naye hospitali, wakalazwa. Siku tano. Mimi nilikuwa naingia nyuma ya migomba, natia vidole kooni ili nitapike yale maji. Chakula hakikupita. Kila mtu aliyekuja njiani nilidhani analeta msiba, na baiskeli ikilia kengele mimi najikojolea, mtoto wa darasa la tatu. Siku ya sita mama akatokea kwenye kona, mtoto mgongoni, amenyoosha shingo anachungulia kama kawaida yake. Nililia mpaka watu wakanishangaa. Sikumwambia mtu, hata bibi, naye alikufa nikiwa nimeshaolewa Mbeya.

Wenzangu wanadhani mambo ya utotoni huisha. Mdogo wangu alipopata ajali ya lori, nilisema ni yale maji. Alipougua mapafu, nilisema ni yale maji. Sasa ana wajukuu, na simu yake ikilia alfajiri bado naogopa kuipokea.

Usiku wa ule ukumbi sikulala. Kulipokucha nikampigia. "Kamwene, dada," akanisalimu Kihehe, mdomo umejaa chakula. Nikamwambia siku ile nilimeza.

"Hilo nalijua," akasema. "Bibi aliniambia nilipokuwa namuuguza. Alisema, dada yako alimeza, nikamtolea mimi. Tena akanikataza kukuuliza, akasema utasema mwenyewe. Mbona umechelewa hivyo?"

Akauliza tena, "Kwani ulikuwa na neno gani? Bibi hakulijua."

Hapo ndipo nilipokuwa tena mbele ya kibuyu, na mara hii hapakuwa na bibi wa kunitolea. Nikamwambia. Kijito, njuga, na lile neno lenyewe kama nilivyolisema. Upande wa pili nikasikia jogoo wake akiwika.

"Halafu ukanifanyaje?" akauliza.

"Nikakufunga mbeleko."

"Ukanibeba mpaka nyumbani?"

"Nikakubeba."

"Basi," akasema, akaendelea kula.

Ile nyumba haipo tena, kuna shamba la miti ya mbao. Migomba ilikufa mwaka uleule alipokufa bibi, maana nani angeipanda tena? Sisi wajukuu wake tunakutana misibani, tunakula wali, tunaondoka kila mtu na kinyongo chake. Jumapili iliyopita wajukuu zangu waligombana, na yule mdogo wa kike nilipomuuliza ana nini, akasema hana neno. Nikamwona koo linavyoshuka. Nikaingia jikoni, nikapiga funda la maji, nikatafuta udongo wa kuyapulizia. Sakafu yote ni vigae.

Nikapuliza hapohapo.