Chupa ya Maji ya Kisima cha Chini

Ulikuwa mwaka wa yanga, ule unga wa njano ulioletwa kwa meli, ugali wake haushiki tumboni. Asubuhi tulitafuna michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, mwendo wa asubuhi moja kutoka Kwihara, na kisima tulichokunywa maji yake kilikuwa chini ya matuta ya miche ya tumbaku. Miche ikapigwa dawa ya wadudu, mvua ikanyesha, mbuzi wangu wawili wakanywa pale wakafa. Mwanangu wa mwisho, ndiyo kwanza ameanza uji, akawa anatapika kila siku. Na maji yenyewe meupe, hayanuki.

Bwana afya akaja na chupa moja ya kioo, imeoshwa huko huko maabara, Dar es Salaam. Nikamuuliza, sumu isiyoonekana mtaionaje? Akasema wanaikamua kutoka kwenye maji, mashine inaipasha moto mpaka inakuwa hewa, hewa inasukumwa ndani ya mrija mrefu, mwembamba. Vitu vinaingia pamoja, vinatoka kila kimoja kwa wakati wake, na kwa kila kimoja kalamu inachora kilima kwenye karatasi.

"Kama wapagazi," nikasema. Babu yangu alibeba pembe za ndovu hadi pwani. "Wanaondoka pamoja, kila mtu anafika kwa miguu yake."

"Hivyo hivyo, mama."

Wanawake wenzangu wakaleta sufuria: maji yamechemshwa, yamechujwa kwa kanga.

"We mama, utapeleka uchafu wetu Dar? Huna haya?" mmoja wao akaniambia.

"Maji yaende kama tunavyoyanywa."

Mwenyekiti wa kijiji akafika, akaikamata chupa shingoni. "Mama, nenda kachote kule juu, kwenye chemchemi. Wakikuta dawa watatufungia tumbaku. Tutakula nini?"

"Kwani sasa tunakula nini?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Jina lako nalipeleka wilayani. Nitasema unapinga ujamaa."

Siku zile neno hilo lilitosha kumpoteza mtu. Bwana afya akatazama viatu vyake. Mtoto akatapika mgongoni, nikasikia uvuguvugu unashuka ndani ya blauzi. Nikamnyang'anya mwenyekiti chupa, nikainama kisimani, nikaijaza hadi mdomoni, nikaifunga.

"Mwaga!" mwenyekiti akafoka.

"Maji yaende kama tunavyoyanywa."