Baiskeli Ilirudi na Mtani

Mwahija binti Fakihi wa Kinjumbi alikuwa mwanamke wa kuangalia njia. Wenzake wakikaa kusuka ukili wa mikeka, macho yao yalikuwa kwenye ukili. Yake yalikuwa barabarani. Mbwa akibweka upande wa mashamba, yeye alikwishainua shingo. Walimcheka, wakamwita askari wa zamu, naye alicheka nao, lakini hakuacha kuangalia.

Hakuzaliwa hivyo. Mumewe alikwenda Lindi kufanya kibarua cha barabara ya Mwingereza, homa ikamwondoa kulekule Mitwero, na habari ililetwa na mtani. Ukoo wa Fakihi na koo fulani za milimani ni watani tangu mababu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na kuondoka na kuku wako, nawe huna ruhusa ya kununa. Na ni mtani huyohuyo anayetumwa kupeleka habari ya kifo, kwa sababu hata akilemewa atacheka. Yule aliyekuja siku ile alifanya mzaha kwanza, akaomba maji, akamwita Mwahija mke wake mpya, ndipo akasema. Tangu hapo kicheko cha mtani kilimkaa Mwahija tumboni kama jiwe.

Mtoto alikuwa naye mmoja, Bakary. Huyo Bakary alikuwa na baiskeli, na kazi yake ilikuwa kupeleka ng'onda milimani. Alifunga matenga mawili ya samaki wakavu nyuma, akasukuma kuvuka vilima vya mchanga, akapanda kwenye uwanda wa vichaka, akashika njia ya changarawe mpaka akaingia msitu wa serikali. Humo Bwana Nyama, mlinzi wa wanyama wa serikali, alikuwa amepiga marufuku mkuki, upinde na hata shoka. Mtu alipita mikono mitupu, na tembo walilijua hilo. Kila Bakary alipoondoka, Mwahija alimpa maneno yaleyale: usipige kengele msituni, usishuke kunywa maji mtoni, ukiona kinyesi kibichi rudi. Bakary alijibu, "Naam, mama," huku mguu uko kwenye pedeli.

Safari hii siku yake ya kurudi ilipita, akalala huko. Kesho yake, baada ya adhuhuri, Mwahija aliiona baiskeli ikishuka kilima cha mwisho cha mchanga. Aliijua kwa bango la nyuma la kukinga tope, lililopakwa chokaa. Alisimama, mkeka ukaanguka. Halafu akaona kwamba anayeisukuma si Bakary. Alikuwa mtu mfupi, mpana, kichwani amejifunga kitambaa cheusi cha kaniki, kama wafungavyo watu waliofiwa.

Alikuwa Likwata, mtani wa kule milimani.

"Hodi kwa wanuka samaki!"

"Karibu, mla panya," alijibu Mwahija. Mdomo ulijibu wenyewe kwa mazoea.

"Maji, mke wangu. Hata mwizi hupewa maji."

Aliposikia neno maji, alikumbuka siku ile ya habari ya mumewe. Alichota, akampa, nusu ikamwagika. Likwata alikunywa taratibu.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Yupi? Yule mrefu mwenye meno? Tumemla. Alikuwa na miiba mingi, kama samaki wenu."

Moza, jirani yake, alicheka mpaka akajishika mbavu. "Mla panya umepanda cheo leo! Umefika kwenye watu!"

Mwahija hakucheka. "Na hicho cha kichwani?"

Likwata alikigusa kitambaa kama aliyekuwa amekisahau. "Kwetu kuna msiba. Anatakiwa mkubwa wa Bakary. Baba hana, mjomba hana, basi ni wewe. Panda."

"Msiba wa nani?"

"Msiba hausemwi barazani kwa watu, mke wangu. Panda."

Mwahija alijitupia kanga mabegani, akapanda.

Mchangani hawakwenda mbali. Likwata alipunguza upepo wa magurudumu, lakini baiskeli iliyumba, ikazama, wakashuka wakasukuma, yeye ameshika usukani, Mwahija karia ya nyuma. Kila walipofika kileleni aliona kilima kingine. Alitafuta alama ya tairi la Bakary, lile la nyuma lililoshonwa kwa ngozi ya ng'ombe, akaiona imeelekea bara. Ya kurudi ilikuwa ileile, na pembeni yake nyayo pana za Likwata. Nyayo za Bakary hazikurudi.

"Mbona kimya?" alisema Likwata. "Unaniogopa? Sikuli, wewe umekomaa."

"Koma."

Kwenye vichaka njia ilikuwa ngumu, Likwata akajaza upepo na kukanyaga pedeli. Mwahija alikaa upande, ameshika springi za kiti, miiba ikimvuta kanga. Ikaja changarawe. Baiskeli ilitetemeka mpaka meno yakagongana, na vijiwe viliruka vikimpiga miguuni. Alitaka kuuliza, lakini kila alipofungua mdomo neno lilivunjika, na labda alifurahi lilivyovunjika. Asipouliza, mwanawe alikuwa bado hajafa.

Msituni kulikuwa na kivuli na baridi. Hapo ndipo alipoona mkia wa ng'onda njiani, umejaa sisimizi. Mbele kidogo palikuwa na unyayo wa tembo, mkubwa kama ungo, nao ulikuwa juu ya alama ya tairi lililoshonwa. Mwahija aliruka chini.

"Likwata. Utani basi. Nakuomba kwa Mungu, mwanangu yu hai?"

Likwata aligeuka. Uso wake haukuwa na mzaha hata kidogo. Alifungua mdomo, kisha akainua mkono.

"Nyamaza," alinong'ona. "Wako hapa."

Matawi yalivunjika upande wa kushoto. Likwata aliilaza baiskeli bila kuigonga, wakachutama nyuma ya mti. Tembo mmoja alivuka, akafuata mwingine na ndama wake, polepole, kama wenye nyumba. Mwahija hakuwaangalia. Aliuangalia mdomo wa Likwata, ule uliokuwa umebeba jibu na haukuruhusiwa kusema. Tembo walipoisha, Likwata aliinua baiskeli akakimbia nayo, naye akakimbia nyuma yake mpaka mwanga wa mashamba ulipotokea.

Nyumba ya msiba ilikuwa ya kwanza. Watu walikaa chini uani, wanaume huku, wanawake kule. Katikati ya wanawake, amefungwa kanga kiunoni, jasho linamtoka, alisimama Bakary akitwanga mtama. Wanawake walikuwa wakimzomea, "Chini zaidi, bibi harusi!"

"Shikamoo, mama," alisema Bakary, mchi uko juu. "Wamenikamata."

Likwata sasa alicheka kwa sauti. "Mzee Kornelio alikuwa bado amelala ndani, hajazikwa, mwanao anapita mlangoni yuko juu ya baiskeli, anapiga kengele, 'Ng'onda! Ng'onda!' Hakushuka! Tukakamata baiskeli, tukakamata samaki, tukamkamata na yeye. Hatoki mpaka mkubwa wake aje akae msiba nasi."

"Palikuwa kimya, mama. Sikujua."

"Ungeniambia ni mzima," Mwahija alimwambia Likwata.

"Ningekuambia mzima ungekuja? Ungetuma matusi tu."

Ua mzima ulimtazama, ukingoja jibu lake. Ilikuwa zamu yake kutukana, na matusi ya kwao Kinjumbi yalisifiwa mpaka Tingi. Mwahija alifungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa kilio. Kilitoka chini kabisa, kikamwangusha pale mlangoni, mikono kichwani.

Kicheko kilikatika. Marehemu alikuwa amezikwa jana yake na macho ya watu yalikwishakauka, lakini mwanamke mmoja aliitikia kilio kile, na wa pili, mpaka ua wote ukawaka upya. Kutoka ndani alitoka Apolonia, mjane, akishikiliwa.

"Nani ananililia mume wangu hivi?"

"Mama wa yule wa kengele," walimwambia.

Apolonia aliketi mavumbini, akamkumbatia. "Hata dada zake hawakumlilia hivi," alisema. "Ulimjua?"

Mwahija alitikisa kichwa, lakini Apolonia alikuwa amemlaza begani na hakuona. Likwata aliyeona kila kitu aliinamisha macho, akaenda kuegemeza baiskeli ukutani. Bakary hakujua afanye nini, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache, aliendelea kutwanga. Mwahija alimtazama juu ya bega la mjane. Kila mchi uliposhuka na kuinuka, alilia tena, na Apolonia alimpigapiga mgongoni akimshukuru.