Mama Mkwe Ndani ya Ambulensi

Miaka ya tisini nilikuwa muuguzi wa ambulensi katika kituo kidogo cha afya upande wa Marani, nje ya mji wa Kisii, na kazi ile niliipenda kupita kiasi. Tulikuwa wawili tu, mimi na dereva. Mimi nilimpima mgonjwa. Yeye alijua barabara ipi imeharibiwa na mvua na hospitali ipi ina daktari siku hiyo. Tuliamua pamoja, tukigombana njia nzima, kisha tukirudi tunanunua mahindi ya kuchoma tunakula kama ndugu.

Asubuhi moja tuliitwa kwa mama mmoja, mjane, aliyeanguka akichuma majani chai. Nilimkuta mdomo umepinda, mkono wa kulia umelegea, maneno hayatoki. Kiharusi. Jirani mmoja alikuwa anamsogezea kikombe cha uji mdomoni, nikamnyang'anya kabla mgonjwa hajapaliwa. Macho ya mama yalinifuata kila nilipokwenda, nikajua anaelewa yote.

Shemeji yake, ndiye mkubwa wa boma, alitaka apelekwe hospitali ya Nyamira.

"Mabinti wake wawili wameolewa huko," akasema. "Watamletea chakula kila siku. Kisii nani atampikia?"

Halikuwa neno la kijinga. Lakini hospitali ya Kisii ilikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kunyoosha na kuzoesha viungo vya waliopigwa na kiharusi, na nilishaona watu walioingia kwake wamebebwa wakitoka wanatembea. Kule Nyamira wakati huo hakuwepo mtu wa namna hiyo. Na mama huyu aliishi kwa kuchuma chai. Mkono ule ukibaki hivyo, angekula nini?

Nikamgeukia dereva anisaidie. Hayupo. Nilimkuta nyuma ya migomba, ameipa nyumba mgongo.

"Mzee, leo umekuwa bubu?"

"Sista, huyo ni mama ya bibi yangu."

Kwetu Gusii kuna heshima tunayoiita chinsoni: mkwe hamshiki mkono mama mkwe wake, hamtazami usoni, hapigi naye soga.

"Nikisema Kisii na akafia huko, nitarudi hapa na uso gani?" akasema. "Amua wewe. Mimi nitaendesha."

Nilimkasirikia kweli. Siku zote ananibishia, na siku ninayomhitaji ananiachia mzigo wote. Nikarudi nikasema Kisii, kwa sauti kubwa kuliko ujasiri niliokuwa nao. Shemeji akanuna, lakini akapanda. Majirani wakaleta machela, na dereva hakutoka migombani mpaka mlango wa nyuma ulipofungwa. Halafu akakigeuza kioo cha kati kikatazama paa, asije akamwona mama kwa bahati mbaya.

Nyakoe tukaipita vizuri. Pale sokoni Daraja Mbili tukakwama. Ilikuwa siku ya soko: mikungu ya ndizi mpaka katikati ya barabara, mitumba imetandazwa kila mahali, na king'ora chetu kilikuwa kimekufa zamani. Nikachungulia dirishani nikapiga kelele kwamba tuna mgonjwa. Wamama wakanitazama tu. Kila mtu siku ya soko ana haraka yake.

Ndipo dereva, yule yule aliyejificha migombani, akatoa kichwa nje.

"Nimebeba mama mkwe wangu!"

Soko likaangua kicheko. "Ondoeni ndizi," mama mmoja akawaambia wenzake, "huyu mwanaume atakufa na aibu kabla mgonjwa hajafika." Mikungu ikaburutwa, mitumba ikakusanywa, njia ikafunguka. Nilipomwinamia mgonjwa nikaona upande mmoja wa mdomo wake unacheka. Nililia kidogo, kwa furaha.

Miezi ilipita. Siku moja mama yule akaja kituoni kwa miguu, na fimbo mkono wa kushoto. Dereva alikuwa akiosha gari, na mama alikuwa ameshamfikia kabla hajapata pa kukimbilia. Nikasubiri nione itakuwaje. Mama, ambaye kwao hakuna aliyewahi kumsikia akisema lugha nyingine ila Ekegusii yetu, akamwambia kwa Kiswahili, kama mtu anayeongea na mgeni wa mjini:

"Jambo, dereva. Mkono hii imepona. Shika."

Dereva akanitazama mimi, kana kwamba hilo nalo niamue. Nikageukia pembeni. Nilipotazama tena alikuwa ameushika kwa mikono yake miwili yenye povu, macho chini, na mama alikuwa akiibana mpaka mkwe wake akakunja uso.