Siku Nilipoizima Sauti ya Anga

Ndugu wasomaji, leo natangaza rasmi mchango wangu katika sanaa ya filamu za anga za juu.

Nilichomoa waya.

Basi, ndio huo.

Shule yetu ni ya bweni, na Jumamosi tunaoneshwa filamu bwaloni. Mimi ni Mlinzi Mkuu wa Spika, cheo nilichojipa mwenyewe.

Filamu ilikuwa ya mama mmoja, fundi wa chombo cha anga, aliyemwacha mwanawe duniani. Ananing'inia nje, kamba imebaki uzi, na dunia inaonekana kwenye kioo cha kofia yake, ndogo kama kifungo cha shati.

Mpango wangu: nichomoe waya hapo hapo, kisha nijambe kwa mdomo. Bwalo livunjike mbavu.

Nikachomoa.

Kimya. Yule mama akasema kitu, hakuna aliyekisikia. Machozi yakamtoka, lakini hayakudondoka. Yalielea.

Hata benchi halikulia. Ule ushuzi wa mdomo nikaumeza. Nikarudisha waya kama mwizi anayerudisha kuku.

Nje, mwalimu wa fizikia alikuwa anafuta miwani.

"Mmeuona ufundi ule? Angani hakuna hewa, kwa hiyo hakuna sauti. Mwongozaji kaiondoa makusudi. Jumatatu tunaitazama tena darasani."

Mimi, mwongozaji mwenyewe, nikaanza kutoka jasho.

Halafu kuna Kobe, anayelala kitanda cha chini yangu. Mama yake alikwenda kufanya kazi nchi ya mbali, akaondoka Kobe akiwa usingizini. Tangu shule ifunguliwe, mama akipiga simu kwa matroni, Kobe hapokei.

"Umeona alichosema yule mama?" akaniuliza.

"Kasema nini?"

"Nisamehe, mwanangu."

Akaenda kugonga kwa matroni kuomba simu. Alirudi macho mekundu, anapiga mluzi.

Sasa, ile filamu mimi nilishaiona likizo. Yule mama anasema: "Nani kaondoka na bisibisi yangu?"

Jumapili usiku sikulala. Nilijigeuza kitandani hadi Kobe akapiga teke godoro langu. Akiisikia hiyo bisibisi, si atamsusia mama yake tena?

Jumatatu nikakaa ubavuni mwa spika. Kwenye filamu kamba ikaanza kukatika. Mkono wangu ukaunyemelea waya.

Mkono mwingine ukanidaka. Mwalimu.

"Nani kaondoka na bisibisi yangu?" ikanguruma spika.

Darasa likaangua kicheko, kile kile nilichokitaka Jumamosi. Sikukionja. Nilikuwa namtazama Kobe.

Kobe naye alikuwa anacheka.

"Na Jumamosi ulikuwa wewe?" akauliza mwalimu.

"Ni mimi, mwalimu."

"Kwa hiyo ufundi nilioumwagia sifa..."

"Ulikuwa wangu, mwalimu. Asante."

Kobe akaninong'oneza, "Tuliitazama na mama wiki aliyosafiri. Hapo kwenye bisibisi alicheka hadi akakaa chini. Nilikuwa natafuta kisingizio tu cha kumpigia. Nimemwambia ulichomoa waya. Anakusalimia."

Nikabaki mdomo wazi, bila sauti, kama niko angani.

Funzo: ukimya ukiingia mahali pake, kila mtu husikia alichokuwa anakingoja. Usijisifu kwamba umeutengeneza wewe.

Mwalimu amenipa adhabu: nieleze kwa maandishi kwa nini nilitaka kuchomoa mara ya pili.

Mara ya kwanza nilitaka wacheke, mwalimu. Ya pili niliogopa Kobe asilie.

Insha yenyewe ndiyo hii.